Bondia hapimwi kwa pauni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie neno moja tu la Kiingereza, neno "pound", ambalo katika miaka yote niliyofanya kazi ya kufasiri limenisumbua kuliko maneno mazito ya sheria na ya tiba. Kilichonifanya nishike kalamu ni kurasa zako mbili za michezo nilizozisoma wiki iliyopita, kurasa zinazotazamana. Ya kushoto ilikuwa na habari ya mchezaji wa kandanda anayehamia klabu ya Uingereza kwa pauni milioni 40, na ya kulia ilikuwa na habari ya bondia aliyepanda kwenye mizani akakutwa na "pauni 147". Mjukuu wangu, ambaye yuko darasa la sita na anapenda ngumi kuliko chakula, aliniuliza kama bondia yule naye ameuzwa. Sikumcheka, kwa sababu mtoto alisoma sawasawa yale yaliyoandikwa. Nilimweleza kwamba 147 ni kikomo cha uzani wa welta, mojawapo ya madaraja ya mabondia, na kwamba kwa kilo ni 66.7, naye akauliza swali la pili lililonishinda kulijibu kwa haraka: kwa nini basi wasiandike kilo?

Mwingereza anayesoma kurasa kama hizo kwa lugha yake hapotei. Kwake neno lina tahajia moja na matamshi mamoja, lakini masikio yake yamezoea tangu utoto kulichuja kulingana na linapokaa. Sisi tunaolipokea kutoka nje hatuna chujio hilo, na ndiyo maana mfasiri anapaswa kulichuja kabla halijafika kwa msomaji. Tena chujio lenyewe lina kazi kubwa kuliko wengi wanavyodhani, kwa kuwa "pound" si neno moja lenye maana nyingi, bali ni maneno matatu yasiyo na undugu wowote, ambayo yalizaliwa mahali tofauti na kwa bahati tu yakaja kuvaa kanzu moja.

La kwanza ndilo linalojulikana, la fedha na uzito. Warumi walikuwa na kipimo walichokiita "libra", na walipotaka kusema kwamba kitu kina uzito wa libra moja walisema "libra pondo", yaani libra kwa kupima. Makabila ya Kijerumani yaliyofanya biashara nao yalilichukua neno la pili yakaliacha la kwanza, na hapo ndipo Mjerumani alipopata "Pfund", Msweden "pund" na Mwingereza "pound". La ajabu ni kwamba katika maandishi Mwingereza alilishika lile la kwanza lililoachwa. Uzito anauandika kwa kifupi cha "lb", fedha anaiandika kwa alama ya £, ambayo ni herufi L ya "libra" iliyokatwa kwa mstari, kisha vyote viwili anavitamka "pound". Anaandika neno moja la Kirumi na kusoma jingine. Asili ya "pondo" ni kitenzi cha Kilatini chenye maana ya kupima kwa mizani na hatimaye kulipa, maana zamani kulipa kulikuwa ni kupima madini. Kutoka kitenzi hichohicho ndiko lilikotoka neno tunalolitumia kila siku, pensheni. Kwa hiyo mzee anayesubiri pensheni yake na mchezaji anayenunuliwa kwa pauni wanashirikiana babu wa neno.

Fedha ilitokana na uzito. Katika mpango uliowekwa na mfalme Charlemagne wa Wafaranki mwishoni mwa karne ya 8, uzito wa libra moja ya fedha halisi, madini yenyewe, uligawanywa katika dinari 240, na dinari 12 zilihesabiwa kuwa solidi moja. Uingereza ilishika hesabu hiyo, pauni moja kwa shilingi 20 na shilingi moja kwa peni 12, mpaka tarehe 15 Februari 1971 ilipohamia kwenye hesabu ya mia. Mpaka siku hiyo peni iliandikwa kwa herufi d, ya dinari. Nasi tuliingizwa katika hesabu hiyo bila kuulizwa: shilingi ya Afrika Mashariki ilipoanza kutumika mwaka 1921, shilingi 20 zilikuwa pauni moja kamili, na marehemu baba yangu, aliyekuwa karani katika shamba la mkonge huku Tanga, aliendelea kuhesabu mambo makubwa kwa pauni hata baada ya uhuru, huku sukari na mafuta ya taa akivihesabu kwa shilingi na senti. Nataja hayo ili ieleweke kwamba neno pauni halikuingia katika Kiswahili jana. Liliingia kama fedha, likakaa kama fedha, na kila Mswahili akilisikia huona noti.

Uzito ulikuwa tayari na neno lake, nalo ni ratili. Hapa naomba mhariri anivumilie, maana ndipo moyo wangu ulipo. Ratili tuliipata kwa Waarabu, na wanazuoni wa lugha wanaeleza kwamba Waarabu waliipata kupitia Kiaramu kutoka kwa Wayunani, ambao kipimo chao kiliitwa "litra". Neno hilo "litra" ni ndugu wa "libra" ya Warumi. Maana yake ni kwamba kile kifupi cha "lb" kinachoandikwa kwenye makasha ya bidhaa na ile ratili aliyokuwa akiitaja bibi yangu akinunua nyama ni watu wa ukoo mmoja, waliopita njia mbili, mmoja kaskazini na mmoja kusini, wakakutana dukani. Hata lita ya mafuta ya kula imo katika ukoo huo, maana Wafaransa walilitengeneza jina lake kutokana na "litra" hiyohiyo. Na wakia, ambazo 16 kati yake zilifanya ratili moja katika masoko yetu ya pwani, ni neno lilelile la Kirumi lililowapa Waingereza aunsi. Ratili 36 zilifanya frasila, na karafuu ya Unguja ilipimwa kwa frasila. Ni mfumo kamili, wenye majina yaliyokwisha kulainika kinywani, na haukuhitaji kuazima pauni ya benki ili kupima kilo ya mtu.

Wafasiri waliotutangulia walilijua jambo hili. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611, neno "pound" linaonekana katika Luka sura ya 19, pale bwana anapowagawia watumwa kumi fedha za kufanyia biashara, na linaonekana tena katika Yohana 12:3, pale Mariamu anapochukua marhamu ya nardo. Kiingereza kimetumia neno moja. Lakini fungua Biblia ya Kiswahili ya Union: kwa Luka utakuta mafungu ya fedha, na kwa Yohana utakuta ratli. Wafasiri wake walitenganisha kilichokuwa fedha na kilichokuwa uzito. Tena katika Kiyunani cha Yohana neno lililoandikwa ni "litra" yenyewe, kwa hiyo walipoandika ratli walimrudishia msomaji neno la asili, likiwa limezunguka kupitia Uarabuni, wakati Mwingereza alikuwa na neno la mbali zaidi. Kila nikifika kwenye aya hiyo husimama kidogo, kwa heshima ya watu wale ambao hawakuwa na kompyuta.

Kuna atakayesema kwamba ninapigania jambo dogo, kwamba msomaji ataelewa tu. Ningependa mtu huyo angekuwa nami siku ile jirani yangu alipoleta barazani kwangu kasha la dawa ya minyoo ya mbwa. Kasha lilikuwa na maandishi ya Kiingereza upande mmoja na ya Kiswahili upande mwingine, na kwa Kiswahili paliandikwa: "Kidonge kimoja kwa kila pauni 10 za mnyama." Jirani ni mtu makini. Alikuwa amempima mbwa wake kwa njia ambayo wengi tunaijua, alipanda mwenyewe kwenye mizani, akashuka, akapanda tena akiwa amembeba mbwa, akatoa, akapata kilo 18. Kisha akakwama kwenye neno pauni. Mwanzo alidhani linahusu bei ya mnyama, akaona haiwezekani, akaamua kwamba lazima ni namna nyingine ya kusema kilo. Akampa mbwa vidonge viwili. Kilo 18 ni karibu ratili 40, kwa hiyo mbwa alistahili vidonge vinne. Alipewa nusu ya dawa, na minyoo haikutoka. Nilipolishika kasha lile nikaangalia upande wa Kiingereza, kila kitu kilikuwa wazi, kwa sababu Mmarekani aliyeandikiwa hupimwa kwa kipimo hicho tangu siku anayozaliwa. Aliyefasiri alibadilisha neno akaacha maana nyuma. Ratili moja, kwa makubaliano yaliyoanza kufuatwa mwaka 1959 na Marekani, Uingereza na nchi nyingine nne, ni kilo 0.45359237, na hesabu ya kuandika "kidonge kimoja kwa kila kilo 4.5" ingemchukua mfasiri nusu dakika.

Leo ni mbwa. Naogopa kuwaza kasha hilo lingekuwa la dawa ya mtoto.

Neno la pili ni la kupiga. Kwa Kiingereza cha kale kulikuwa na kitenzi "punian", kuponda kitu mpaka kiwe unga au vipande, na wala hakikuwa na sauti ya d mwishoni. Sauti hiyo ilijibandika karne nyingi baadaye, kama ilivyojibandika kwenye neno lao la "sound" ambalo Wafaransa walilitamka bila d. Laiti isingejibandika, leo tusingekuwa na tatizo. Sasa programu ya kufasiri inapokutana na mapishi yanayoanza na kitenzi hicho, hutoa sentensi kama niliyoikuta katika mapishi niliyopewa kuhariri: "Pauni vitunguu saumu pamoja na chumvi." Nilikaa nikaitazama sentensi hiyo kwa huzuni, kwa sababu hakuna lugha ninayoijua iliyo tajiri kama yetu katika jambo la kinu na mchi. Mama yangu hakuwahi kusoma sarufi, lakini ungemwambia mtu anatwanga kitunguu saumu angekusahihisha papo hapo: kitunguu saumu hupondwa, kisamvu hutwangwa, mahindi hukobolewa kwanza, nafaka ikitakiwa chengachenga hupaazwa, na ikitakiwa laini husagwa. Kila kitenzi kina mkono wake. Katika kuponda mchi hushuka na kubana, katika kutwanga huinuliwa juu na kuachiwa, na wanawake wawili wakitwanga kinu kimoja kwa kupokezana, kila mmoja na mchi wake, utausikia mdundo wake tangu mwanzo wa mtaa. Kiingereza kinaweza kuvitia vingi katika hivyo ndani ya "pound" peke yake. Mfasiri anayeijua lugha yake hufurahi anapolikuta neno hilo, kwa kuwa hapo ndipo Kiswahili kinapopata nafasi ya kusema zaidi ya asili.

Na moyo pia. Nimesoma katika hadithi iliyofasiriwa kwamba moyo wa msichana "ulikuwa ukiponda kifuani". Moyo haupondi kitu. Moyo hudunda, humwenda mtu mbio, kichwa humgonga, jipu hupwita. Mlango hugongwa au hubamizwa, na mawimbi hupiga mwamba.

Nikiwa hapo, niseme neno juu ya dhana niliyoisikia hata kwa walimu, kwamba kuponda kwetu kumetokana na "pound" ya Kiingereza kwa vile sauti zinafanana na maana zinakaribiana. Haiwezekani. Kuponda ni Kibantu halisi: kinanyumbulika kwa viambishi vyetu vyote, hupondwa, hupondeka, hupondeana, kimezaa methali, ponda mali kufa kwaja, na kina wenzake kusikokuwa na pwani yetu, kama kitenzi cha Kichewa cha Malawi chenye umbo hilohilo ambacho maana yake ni kukanyaga. Sauti mbili kufanana ni bahati, kama watu wawili wasiojuana wanavyoweza kufanana sura. Neno lisinyang'anywe ukoo wake kwa sababu ya bahati hiyo.

La tatu wengi hawalijui kabisa, na ndilo linaloleta sentensi za ajabu zaidi. Vijiji vya Uingereza vilikuwa na zizi, mara nyingi la mawe, ambamo mifugo iliyokutwa ikizurura ilifungiwa mpaka mwenyewe aje alipe faini. Zizi hilo liliitwa "pound", neno la Kiingereza cha kale ambalo halihusiani na fedha wala na kinu. Maji nayo yakizuiwa mahali pamoja yaliitwa kwa neno hilo kwa matamshi yaliyopinda kidogo, na ndipo lilipotoka neno lao la bwawa dogo, "pond". Siku hizi "pound" ni mahali wanapowekwa mbwa wasio na mwenyewe, au magari yaliyokamatwa. Niliwahi kuletewa rasimu ya sheria ndogo iliyofasiriwa kutoka Kiingereza, ikisema kwamba ng'ombe watakaokutwa mashambani "watawekwa kwenye pauni". Fikiria mfugaji anayesomewa kifungu hicho. Atajua kwamba kuna pauni, na kwamba kuna ng'ombe, na ataondoka akiamini kwamba faini inadaiwa kwa fedha ya Uingereza. Neno zizi lipo, hata mtoto wa mfugaji analijua. Na gari lililokamatwa kila dereva wa Dar es Salaam atakwambia liko yadi.

Wakati huohuo wananchi wenyewe, bila kamati wala semina, wameonyesha namna jambo hili linavyofanywa. Kwenye simu kuna kitufe chenye alama ya #. Marekani hukiita "pound", na maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba alama hiyo ilitokana na kile kifupi cha "lb", kilichokuwa kikikatwa kwa mstari juu na kuandikwa kwa haraka mpaka herufi zikapotea. Waingereza hawawezi kukiita hivyo, kwa kuwa kwao alama ya "pound" ni £, na ukibonyeza kitufe cha tarakimu 3 pamoja na cha herufi kubwa kwenye kompyuta ya Uingereza utapata £, lakini kwenye ya Marekani utapata #. Mtanzania hakuingia katika ugomvi huo. Aliitazama alama, akaona mistari miwili iliyolala na miwili iliyosimama, akaiita reli. Leo wakala wa fedha kwenye kibanda anamwelekeza bibi asiyejua kusoma, nyota, namba, reli, na bibi anabonyeza bila kukosea. Ni kweli kwamba reli lenyewe liliazimwa kwa Waingereza zamani, lakini likishakuwa letu tunalifanyia kazi tunayotaka. Huko ndiko kufasiri ninakokuheshimu, kutazama kitu chenyewe kabla ya kulitazama neno.

Najua kwamba wapo wasomi wanaokubali pauni kwa maana ya uzito pia, na kwamba wengine husema paundi ili kutofautisha. Siwalaumu wanaosema paundi. Angalau wameona kwamba kuna tofauti. Lakini katika gazeti linalosomwa na watu wa rika zote, na ambalo watoto wetu hulitumia kujifunzia lugha, nadhani pauni ingeachiwa fedha peke yake. Hata huko haina upweke: Misri, Sudan na Sudan Kusini zote zina fedha tunayoiita pauni, ingawa Mmisri mwenyewe huiita kwa jina lililotokana na "guinea", sarafu ya zamani ya dhahabu ya Uingereza, na Mlebanoni, ambaye fedha yake nayo huitwa "pound" na Waingereza, huiita lira, mjukuu mwingine wa ile "libra". Mizigo iliyomo katika neno hilo inatosha.

Kwa hiyo ombi langu kwa dawati lako la michezo ni hili. Habari ya kupima uzito wa mabondia ikija kutoka nje ikiwa na kipimo cha Kimarekani, iandikwe kwa kilo, na kama mwandishi anataka kuhifadhi tarakimu ya asili kwa ajili ya mashabiki wanaofuata madaraja ya uzani, aandike ratili. Bondia wa wiki iliyopita alikuwa na ratili 147, yaani kilo 66.7. Mjukuu wangu amekata habari ile, ameibandika ukutani juu ya kitanda chake, na neno pauni amelifuta kwa kalamu ya risasi akaandika ratili juu yake kwa mwandiko wake mkubwa. Ameniomba nimuulize mhariri kama alivyosahihisha ni sawa, nami nimemwahidi kwamba jibu litatoka gazetini.

Wako msomaji wa siku nyingi,
Mfasiri mstaafu,
Tanga